Ardhi ya Kisarawe na Kibaha: Nani atasimama kutoa ushahidi?

  

Ndugu Waislamu, vijana wetu hutuuliza mara kwa mara baada ya darsa: mimi nimeumbwa kwa kazi gani? Kwamba tumeumbwa ili tumwabudu Mola wetu wanalijua tangu chuoni. Wanalolitafuta ni sura ya ibada hiyo siku ya Jumatatu, wakiwa shambani, sokoni au mbele ya ofisi ya mtendaji wa kijiji. Leo tutawajibu kwa habari ya ardhi, kwa kuwa huko Kisarawe na Kibaha ndiko dhulma inakoingia majumbani mwetu bila kubisha hodi.

Tuanze na Kisarawe. Kampuni ya Sun Biofuels, yenye asili ya Uingereza, ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, kwa muda wa miaka 99, ili ilime mibono, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya mitambo. Wanakijiji wakaahidiwa ajira, visima, zahanati na barabara. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka. Mamia ya vibarua na wafanyakazi wakaachishwa kazi, na shamba likapita mikononi mwa mwekezaji mwingine. Ardhi haikurejea vijijini, kwa sababu ilikwisha kutolewa katika ardhi ya kijiji na kuingizwa katika ardhi ya jumla. Watu waliozoea kukata kuni na kuteka maji humo wakajikuta wageni kwao.

Walioufuatilia mkasa ule walieleza kwamba ahadi nyingi zilikuwa za mdomo tu. Hapa ndipo Muislamu anapopaswa kushtuka. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala funga. Inaamuru deni liandikwe, liwe dogo au kubwa. Mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wasikatae wanapoitwa. Tunaisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri katika hitima, kisha tunatoka na kuwapa watu shamba la wajukuu wetu kwa neno la mkutanoni.

Wala sheria ya nchi haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema eneo la chini ya hekta 250 likitakiwa kuhamishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, naye sharti azingatie mapendekezo ya kijiji. Tena ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa viwe vimeafikiwa. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke. Anayeketi kimya humo hali anajua kwamba muhtasari unaosomwa haulingani na yaliyosemwa, ameficha ushahidi. Tunajua wapo wanaotosheka na kuchukia moyoni. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, aliitaja daraja hiyo kuwa ndiyo iliyo dhaifu kabisa ya imani, na ni ya asiyeweza kwa mkono wala kwa ulimi. Je, mwenye haki ya kunyanyua mkono mkutanoni ni asiyeweza?

Sasa tugeuke upande wa Kibaha, ambako wa kulaumiwa mara nyingi si mgeni. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inapita Soga na Ruvu, na bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa mwaka 2025. Mahali palipokuwa pori la kuchungia mbuzi pamekuwa na bei. Ndipo kaka mkubwa anapokumbuka kwamba hati ya marehemu baba iko sandukuni kwake, akauza bila kuwaita dada zake. Au kiwanja kimoja kikauziwa watu wawili, na mzee wa mtaa akatia saini mara zote mbili. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tuwe mashahidi wa uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kumsema mwekezaji wa ng'ambo ni kwepesi. Kumwambia kaka yako, mbele ya wajomba, kwamba fungu la dada limeliwa, hilo ndilo linalotoa jasho. Na Mtume (S.A.W.) ameonya, katika hadithi ya Said bin Zayd (R.A.), kwamba anayenyakua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba.

Wengine watasema sheikh anaingia katika siasa. Wakumbuke Hilful Fudhul. Mfanyabiashara wa Yemen alidhulumiwa bidhaa zake mjini Makka na Al-As bin Wail, mkubwa miongoni mwa Makureshi. Watu wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na mdhulumiwa mpaka apate haki yake. Muhammad (S.A.W.) alikuwamo, kijana, kabla ya utume, na baada ya utume alisema akiitwa tena kwa jambo kama lile ataitika. Mdhulumiwa alikuwa mgeni, na mdhulumu alikuwa wa kwao.

Kijana uliyetuuliza, umemaliza kidato cha nne na wazee wako hawasomi vizuri. Nenda mkutanoni, omba muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kupitishwa, uliza ahadi ya kisima imeandikwa ukurasa gani, kwa adabu na bila matusi. Nawe mama, ujue kwamba baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wanawake hawapungui watatu. Waulize viongozi wako wanawake hao watatu ni akina nani, na kama nafasi iko wazi, jitokeze.

Ijumaa ijayo, Inshaallah, tutaeleza mafungu ya mirathi pale shamba linapokuwa na mikorosho iliyopandwa na mtoto mmoja tu kati ya ndugu.