Anapochora kiti, usimfokee

Jioni moja huko Pugu, baba alirudi kazini akamkuta bintiye wa kidato cha kwanza anapima kiti cha sebuleni kwa rula. Alikuwa anakichora mbele, ubavuni na juu.

"Ada yote hii ili uwe fundi seremala?"

Binti akakunja karatasi.

Mzazi, baba huyu hayuko peke yake. Masikioni mwa wengi, ufundi ni wa aliyefeli. Lakini mtaala mpya ulioanza Januari 2024 una mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali. Wa amali haachi Hisabati wala Kiingereza, anaongeza fani. Na wazo lenyewe ni la zamani. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha hapo hapo Pugu, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule isitenganishe kitabu na kazi.

La kuhofia ni jingine. Je, shuleni kuna karakana? Mwalimu wa fani yupo? Misumeno na randa vinatosha, au watoto wanakariri majina yake ubaoni? Nenda kaulize, tena uombe kuonyeshwa. Useremala wa kuandika daftarini haujengi hata stuli.

Baba alikwenda, karakana akaiona. Usiku ule aliomba ile karatasi.

"Mguu huu wa nyuma umepungua sentimeta moja," binti akamwonyesha.

Kiti hicho kilikuwa kinayumba miaka minne, na kila mtu alilaumu sakafu.