MC Anayembipu Mkewe Saa Tatu Usiku, na Makofi Yaliyomziba Mke Mdomo

Isingiro, wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera (sio ile Isingiro ya Uganda iliyo ng'ambo ya mto Kagera, wadau msichanganye), kuna MC mmoja wa harusi ambaye ukimpa kazi ya sendofu lazima ukubali kitu kimoja. Ikifika saa tatu kamili usiku anamwachia DJ ukumbi, anatoka nje, anabipu namba moja, anasubiri. Ile namba ikimbipu na yeye, anarudi ndani anaendelea na vichekesho vyake. Dakika mbili haziishi. Kwa muda mrefu watu walijua ni mchepuko.

Kumbe ni mkewe. Bipu ya kwenda maana yake "kunywa dawa", bipu ya kurudi maana yake "nimekunywa". Mke anaishi na VVU, mume hana. Walijua siku walipokwenda kupima pamoja kliniki ya wajawazito, mimba ya mtoto wao wa kwanza. Mtoto mwenyewe leo yuko chekechea, alipimwa mpaka akamaliza vipimo vyote, hana maambukizi.

Stori ilitoka tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani. Mke ndiye aliyeiposti, yeye mwenyewe, picha yao wawili wamekaa mbele ya duka lake la mitumba na kikopo cha dawa katikati. Alichagua siku, akachagua picha, akachagua maneno. Majina hayatatajwa hapa. Mtu kuwaambia watu wake sio ruhusa kwa blogu kumtangaza nchi nzima, na nyie mnaojiandaa kuotea kwenye komenti "ni yule wa Kaisho?", pumzikeni.

Komenti zilikuja kama senene msimu ukifunguka. Na tuseme ukweli, nyingi zilikuwa na nia njema. "Huyu ndo mwanaume." "Wa hivi waliisha." "Dada umepewa malaika, mpigie magoti." "Angekuwa mwingine angeshakimbia." Ukizisoma zote unakuta kitu cha ajabu: aliyeposti ni mke, anayekunywa dawa kila siku ni mke, aliyethubutu kusimama mbele ya kijiji ni mke, lakini pongezi zote zilibebwa na mume. Mke alipata "pole" na swali moja lililorudiwa rudiwa: "Aliutoa wapi?" Kama vile jibu la hilo swali linamsaidia mtu kunywa kidonge leo usiku.

Sasa tatizo la hayo makofi ni hili. Yanamfanya mume aonekane mfadhili na mke aonekane deni. Na mwenye deni huwa haongei.

Hebu kwanza tuangalie huyo mume anavumilia nini hasa, maana neno "kuvumilia" limetumika sana. Mke wake virusi vimefubaa, kipimo cha wingi wa virusi hakivioni. Mtu wa hivyo akiendelea na dawa vizuri hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hiyo sio porojo ya kufariji watu. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Rakai, Uganda, wilaya inayopakana na Kagera yetu hii hii. Walifuatilia kapo 415 ambazo mmoja ana virusi na mwingine hana, na katika zile ambazo virusi vya mwenye navyo vilikuwa chini kabisa, chini ya 1,500 kwa kila mililita ya damu, hakuna hata mwenza mmoja aliyeambukizwa. Tena wakati ule watu wa kule walikuwa hawana dawa. Utafiti wa Ulaya uliotoka 2016, safari hii wenye virusi wakiwa wanatumia dawa, ukakuta tena sifuri. Kwa hiyo kitandani MC wetu haendi vitani. Anaenda kulala na mke wake.

Anachofanya ni cha kawaida, na ndo maana ni kizuri. Anabipu. Kliniki ikiangukia siku ya mnada anafunga duka au anakaa yeye dukani, akikosea bei za magauni, wateja wanamcheka. Mvua ikinyesha na bodaboda zikagoma kwenye utelezi wa ile milima, anamsindikiza kwa miguu. Mke akiamka na kichwa kizito hataki kuona kile kikopo, kwa sababu ipo siku mtu anachoka tu kukumbushwa kila jioni kwamba anaumwa, MC anakaa naye kimya bila kuhubiri. Mwanamke mmoja anayewajua anasema kinachomsaidia mke zaidi sio hata hiyo bipu, ni kwamba jamaa hajawahi kumuuliza lile swali la "aliutoa wapi".

Na mke naye? Mwaka jana jamaa alivunjika mguu kwenye bodaboda akitoka kazini Nkwenda. Miezi mitatu mke alimwogesha, akaendesha duka, akachuma kahawa, akalea mtoto. Dawa zake hakuruka hata siku moja. Hakuna aliyeandika "huyu ndo mwanamke". Mke kumuuguza mume inahesabika kama kupika ugali, nani anapongezwa kwa kupika ugali?

Kagera hii inapaswa kuwa ya mwisho kusahau. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoa huu mwaka 1983. Kabla watu hawajajua jina lake waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zinavuka mpaka kutoka Uganda. Muulize bibi yako kama yupo. Miaka ile wanaume waliuguzwa na wake zao mpaka pumzi ya mwisho, hakuna dawa, hakuna glavu, na mazishi yakiisha wajane wengi waliambiwa kibanja ni cha ukoo, wafungashe. Wengine wakaitwa wachawi juu. Hao hawakupata kikombe wala komenti. Dawa za bure zilianza nchini 2004, wengi wao wameshazikwa karibu na migomba ileile.

Hata huko kwa mastaa mambo ni yaleyale. Tarehe 7 Novemba 1991 Magic Johnson, mcheza kikapu wa Marekani, aliitangazia dunia kwamba ana VVU. Alikuwa ameoa Septemba ya mwaka huohuo, mke ana mimba. Mke alipimwa akakutwa hana, mtoto akazaliwa 1992 hana, na mpaka leo wako pamoja. Wote mnamjua Magic. Wangapi mlikuwa mnalijua jina la Cookie kabla ya kusoma hapa?

Turudi Isingiro, maana makofi yalifanya kazi yake mapema sana.

Kama wiki tatu baada ya ile posti, MC alichukua hela ya duka, hela ambayo mke aliitunza kwa ajili ya kufuata mzigo wa Krismasi, akanunua spika. Spika kubwa, mpya, bila kusema neno. Mke akakasirika kama ambavyo mke yeyote angekasirika, akalalamika kwa shangazi wa mume, mtu ambaye siku zote huwa anawaamulia. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia taratibu kabisa, "Mkamwana wangu, kwa hali yako hiyo, na wewe ni wa kulalamikia spika? Si umshukuru Mungu kijana wetu amebaki?"

Soma tena hiyo sentensi, halafu rudi kwenye zile komenti za malaika na kupiga magoti. Ni maneno yaleyale. Shangazi hana hata simu ya kuingia mitandaoni, lakini habari ya mji mzima kumsifia kijana wao ilimfikia.

Mke hakujibu. Alikwenda nyumbani, na usiku ule MC alipobipu saa tatu kutoka kwenye harusi, hakubipu mtu. Akabipu tena. Kimya. Wageni wanasema siku hiyo MC alikosea mpaka jina la bibi harusi. Saa saba usiku alifika kwake amelowa, akakuta mke kalala, kidonge cha siku hiyo kimenywewa saa yake. Alikuwa amekunywa, ila hakutaka kumwambia. "Sikutaka kuripoti," ndivyo alivyomwambia asubuhi.

Kwa mtazamo wa watu wa komenti hapo mke hana shukrani. Lakini fikiria kwa akili ya kawaida. Ile bipu ilikuwa yao wawili, kitu kidogo kama kuulizana "umekula?". Watu walipoifanya ushahidi wa utakatifu wa mume, mke akajikuta kila usiku anaripoti kwa mfadhili. Nani anataka kuishi hivyo miaka thelathini, arobaini? Maana hiyo ndo miaka anayotarajia, dawa zipo na afya anayo.

MC, kwa kumtendea haki, alielewa haraka kuliko mashabiki wake. Jumapili alikwenda kwa shangazi akiwa na mkewe, akasema, "Shangazi, spika nilikosea mimi. Usimchanganyie na ugonjwa." Shangazi akaguna, akawawekea chakula. Kwa wanaojua mashangazi wa Kagera, hilo ni jibu tosha.

Spika haijarudi dukani, risiti ilipotea. Hela mke anakatwa kidogo kidogo kwenye kila harusi, na bado wanagombana kuhusu kiasi. Bipu imerudi, ila imebadilika: siku hizi mke ndiye anayebipu kwanza, saa mbili na dakika hamsini na tano, kumwahi.