“Nina Mawazo”



Hapa kwetu Milola mtu akikaa kimya siku nyingi, hali, halali, na mikorosho yake imezingirwa na majani, majirani husema: ni mvivu, amerogwa, ama ana jini. Ukimwuliza mwenyewe hujibu, “Nina mawazo.” Tumsadiki, maana ameutaja ugonjwa wake.

Washona wa Zimbabwe huuita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari wao Dixon Chibanda aliona kuwa madaktari wa akili ni wachache mno nchini mwake. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza kazi na akina bibi 14, wahudumu wa afya waliojulikana na watu wa mtaa. Mgonjwa huketi na bibi kwenye benchi nje ya zahanati, akamweleza yote kwa lugha yao. Bibi hamkatizi wala hamkaripii. Kisha humsaidia kuchagua shida moja tu na kupanga hatua ya kuitatua. Siku nyingine hukutana tena. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya upimaji wa wagonjwa 573. Baada ya miezi 6, waliokaa na bibi walibaki na dalili za huzuni kubwa watu 14 katika kila 100. Waliopata huduma ya kawaida, watu 50 katika kila 100.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Mwari wa unyago ana kungwi wake, na kijana wa jando anaye mtu mzima aliyemtunza kumbini. Asiloweza kumwambia mama humwambia huyo. Mbona basi tunamkumbuka siku ya ngoma tu? Binti wa miaka 15 aliyejifungia chumbani anamhitaji kungwi leo kuliko siku ile.

Wazazi, msimfokee mtoto aliyebadilika. Msimtafute mchawi: mkimtaja jirani mtapata uadui, na mgonjwa hatapata nafuu. Wala msimwambie kwamba huzuni ni upungufu wa imani. Mwenye malaria tunamwombea na dawa tunampa. Na huyu vivyo hivyo.

Lakini akisema kwamba afadhali afe, mwulizeni waziwazi kama anataka kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Msimwache peke yake. Siku hiyo hiyo mpelekeni zahanati, apate barua ya kwenda Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini. Anayesikia sauti wasizosikia wengine naye apelekwe. Msimfunge kamba, kamba si dawa.

Nanyi wa jumuiya ndogondogo, mtafuteni kati yenu mama mmoja na baba mmoja wajuao kusikiliza na kutunza siri, mwombeni mganga wa zahanati awaelekeze, na watu waambiwe kwamba mlango wao u wazi. Anayenyamaza leo asingoje mpaka tukutane msibani.