Daktari mwanagenzi elfu 206, mwalimu mwanagenzi elfu 20



Mwalimu aliyekuwa akimfundisha binti yangu hisabati katika sekondari msingi (JSS) aliacha kazi muhula uliopita. Hakuhamishwa wala hakufutwa. Amekwenda kuwa karani wa stoo kwa mkandarasi, hukuhuku kwetu Kililana. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mzee, nina deni la chuo, na mama ananitegemea." Sikuwa na la kumwambia.

Kijana huyo ana digrii. Alikuwa mwanagenzi, na mwanagenzi wa JSS hulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Zikishakatwa za bima ya afya (SHA), akiba ya uzeeni (NSSF) na ushuru wa nyumba, hubaki elfu 17 na ushei. Marupurupu ya nyumba hana. Yale ya mazingira magumu, ambayo mwalimu wa kudumu Lamu hupata, nayo hana, kana kwamba jua la Kililana haliwachomi wote wawili. Akiwa na shida mjini Amu, apande boda hadi Mokowe, kisha mashua, kwa pesa hizohizo.

Sasa mtazame daktari mwanagenzi. Serikali ilipotaka kumlipa elfu 70, madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024, na mwisho wa mwaka ikakubaliwa alipwe elfu 206, kama mkataba wao wa 2017 ulivyosema. Siwaonei kijicho, ni haki yao na wameipigania. Lakini huyu wetu naye katoka chuo kikuu, na kazi anafanya nzima: siku ya kwanza tu hukabidhiwa madarasa, akafundisha, akatunga mitihani na kusahihisha. Iweje mmoja apate mara kumi ya mwenzake?

Najua tutaambiwa hazina haina kitu. Mwaka 1997 serikali iliwaahidi walimu nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, kisha ikasema haina pesa, na mwaka 1998 wakagoma. Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Nayakumbuka madarasa matupu. Safari hii hata mahakama imesema: Aprili 2024 Mahakama ya Masuala ya Ajira na Leba iliamua kuwa si halali kumwajiri mwalimu aliyehitimu kama mwanagenzi. Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu, jambo la kushukuru, lakini wakati huohuo wengine 20,000 wakaingizwa kwa mkataba uleule wa uanagenzi.

Wakulima wa Kililana tumeiachia bandari ya Lamu mashamba yetu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na kazi za maana pale zinataka vyeti. Watoto wetu watavipata wapi bila mwalimu?

Wabunge, ambao kila mmoja hulipwa zaidi ya laki 7 kwa mwezi, ndio wapitishao bajeti. Nawaomba watenge fungu la kuwaajiri wanagenzi wote, na wasipitishe tena shilingi moja ya mkataba wa elfu 20. Darasa la binti yangu mpaka leo halina mwalimu wa hisabati.

Mzazi na mkulima,
Kililana, Kaunti ya Lamu