Shimo la kupima si shimo la kazi



Popote masini ya kutoboa udongo inapofika, habari zinaitangulia: kazi inafunguliwa, vijana wataandikwa. Sisi tunasema, ngojeni kwanza. Masini ile haikuja kuchimba. Imekuja kuuliza.

Bomba linalozunguka, lenye almasi mdomoni, linashuka na kukata jiwe kama kipande cha muwa. Vipande vinapandishwa na kupangwa katika sanduku, mita kwa mita. Penye makaa ya mawe wanapima unene wa tabaka, wanaandika ni mita ngapi chini, halafu wanayapeleka kuchomwa ili wajue maji yake, majivu yake na nguvu ya moto wake. Shimo moja halitoshi, maana tabaka linaweza kuwa nene hapa na kupotea mbele kidogo.

Majivu ndiyo habari kubwa. Makaa ya Luena, katika Katanga, na yale ya Lukuga karibu na Kalemie, yalichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Lakini yana majivu mengi na hayafai kwa koki. Kwa hiyo tanuru za shaba za Lubumbashi zililetewa makaa na koki ya Wankie, toka Rodezia, kwa treni! Wazee waliopakua magari yale hawakuhitaji kufundishwa jambo hili.

Basi, nani anashika karatasi ya majivu? Mukanda wa utafutaji hautoi ruhusa ya kuchimba. Kampani inapashwa kuomba mwingine. Sheria ya madini, ilivyogeuzwa katika 2018, inataka kampani inayochimba iandikiane na wenyeji mambo itakayowafanyia, tena itoe 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Ni vizuri. Lakini mutu asiyejua unene wa tabaka ataomba nini? Ataomba mabati ya shule, na kupiga makofi.

Tunataka hesabu isomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, kabla ya mutu kushika kalamu: mashimo mangapi, tabaka nene kadiri gani, majivu kiasi gani. Mashimo yazibwe vilevile, kwani ni madogo lakini mguu wa mbuzi unavunjikia humo. Na mama ambaye muhogo wake umelazwa na njia ya masini alipwe sasa. Asiambiwe kungoja kazi ya makaa ambayo pengine haitafunguliwa.