Ndoto ya Pam na deni la mtunzi

Kuna ubishi usioisha kwa wapenzi wa tamthilia: je, mtunzi ana haki ya kumfanyia mtazamaji lolote? Wengi husema kazi ni yake, akitaka aue, akitaka afufue, na anayekereka azime televisheni. Mimi nasema hapana. Ushahidi wangu ni Dallas ya Marekani, tamthilia iliyovuma wengi wetu tukiwa hatujazaliwa.

Machi 21, 1980, kituo cha CBS kilirusha sehemu ya mwisho ya msimu. J.R. Ewing, tajiri wa mafuta mwenye roho mbaya kupindukia, aliyeigizwa na Larry Hagman, akapigwa risasi akiwa ofisini usiku. Mpigaji hakuonyeshwa. Basi, itaendelea! Mwaka huohuo waigizaji wa Marekani wakagoma, kwa hiyo jibu likachelewa hadi Novemba 21. Miezi minane! Fulana zikauzwa, na wachezesha kamari wa Uingereza wakapokea dau juu ya nani alifyatua. Siku ya jibu, Wamarekani wapatao milioni 83 walikaa mbele ya televisheni. Alikuwa Kristin, shemeji yake J.R. na hawara yake pia.

Je, watu walilalamika kwa kusubirishwa? Walilalamika, lakini walirudi. Kwa nini? Kwa sababu jibu lilitoka ndani ya hadithi yenyewe. J.R. alikuwa amemtumia Kristin, kisha akamgeuka, na watazamaji waliyaona hayo kabla ya risasi. Waliahidiwa jibu, wakalipwa.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1985 Bobby, mdogo wake J.R., aligongwa na gari akafa, kwa kuwa mwigizaji wake, Patrick Duffy, alitaka kuondoka. Msimu mzima ukapita bila yeye na watazamaji wakapungua. Duffy akarudishwa. Lakini unamrudishaje mtu aliyekwisha kuzikwa? Mei 1986 Pam aliamka, akamkuta Bobby bafuni anaoga. Msimu uliofuata ukaeleza kwamba yote yaliyotokea tangu kifo chake yalikuwa ndoto ya Pam.

Ndoto, jamani! Ndoa, ugomvi, machozi ya mwaka mzima, yote yakafutwa kwa mlango wa bafu. Kichekesho ni kwamba katika Knots Landing, tamthilia ndugu ya Dallas, Bobby alibaki marehemu. Dallas iliendelea hadi 1991, ila enzi ya 1980 haikurudi tena, na hadi leo ndoto ile hutajwa kama mfano wa mtunzi aliyeishiwa.

Kuna atakayeniambia kwamba watu walimtaka Bobby wao. Ni kweli, hata vibanda vya video vya kwetu vina msemo kwamba stelingi hafi. Lakini kumtaka Bobby si sawa na kukubali kuambiwa kwamba mwaka wako wa kufuatilia haukuwa na maana. Mtazamaji hutoa muda, na muda hauna chenji.

Hapa kwetu tunalijua jambo hili. Kuna filamu ngapi za Bongo zilizouzwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, ilhali hadithi yake ingetosha saa moja na nusu? Mtu alilipa mara mbili, akaishia kuona watu wakitembea barabarani na kufunguliwa mageti. Nasi wa magazetini tusijifanye watakatifu. Kichwa cha habari kinachoahidi siri nzito, halafu ndani hakuna kitu, ni ndoto ya Pam iliyochapishwa kwa wino.

Kumsubirisha mtu si kosa, Dallas ya 1980 ilithibitisha. Kosa ni kumsubirisha ukiwa huna cha kumpa. Anayeandika "itaendelea" amekopa, na deni hulipwa.