UCHAMBUZI: Majaribio ya tiba ya ubongo yasiishie mijini, yafike hadi Banissa

Mnamo Machi 2023, aliyekuwa Mbunge wa Banissa, Kulow Maalim Hassan, aligongwa na pikipiki jijini Nairobi, akafariki akitibiwa hospitalini. Eneobunge hilo lilikaa bila mwakilishi hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025.

Mkasa huo ulitokea katika jiji lenye madaktari bingwa. Je, mkazi wa Malkamari au Guba anayeanguka kutoka kwenye bodaboda na kuumia kichwa atarajie nini?

Sehemu ya jibu imo katika utafiti wa CRASH-3, ambao matokeo yake yalichapishwa Oktoba 2019. Zaidi ya wagonjwa 12,000 katika nchi 29, zikiwemo Nigeria, Pakistan na Uingereza, walishirikishwa kupima asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayosaidia kuzuia damu kuendelea kuvuja.

Ilionekana kuwa dawa hiyo, ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya ajali, hupunguza vifo miongoni mwa wenye majeraha madogo na ya wastani. Kwa walioumia vibaya zaidi, manufaa hayo hayakudhihirika.

Saa tatu! Hapo ndipo penye kitendawili kwa Banissa, eneo la Kaunti ya Mandera linalopakana na Ethiopia, ambako mgonjwa hulazimika kusafirishwa mamia ya kilomita kumfikia mpasuaji wa ubongo. Usalama nao umewatisha wataalamu. Mnamo Aprili 2019, madaktari wawili raia wa Cuba walitekwa nyara mjini Mandera, mmoja wao akiwa daktari wa upasuaji.

Hivyo basi, utafiti unaofanyiwa katika hospitali kubwa pekee hujibu maswali ya wanaozifikia hospitali hizo. Wanaochelewa njiani hawahesabiwi, na tiba inayopatikana haikukusudiwa kwa hali yao.

Wapo watakaosema kuwa kushiriki majaribio ni kugeuzwa panya wa maabara. Hofu hiyo haifai kubezwa, lakini ikumbukwe kuwa tiba isiyopimwa nayo huua. Kwa zaidi ya miaka 30, madaktari waliwapa waliojeruhiwa ubongo dawa za steroidi wakiamini zinaokoa maisha. Mnamo 2004, utafiti wa watu 10,008 ulibaini kuwa waliopewa dawa hizo walifariki kwa wingi zaidi: takriban asilimia 21 katika majuma mawili, ikilinganishwa na 18 kwa wasiopewa.

Suala zito ni idhini. Aliyezirai hawezi kukubali wala kukataa. Azimio la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti wa tiba duniani, linataka mwakilishi wake wa kisheria aulizwe. Iwapo hapatikani na dakika zinayoyoma, mgonjwa anaweza kuingizwa endapo kamati ya maadili iliruhusu hilo mapema, kisha idhini itafutwe haraka iwezekanavyo.

Kwa jamii ya Banissa, utaratibu huo unapaswa kujadiliwa na wazee, akina mama na viongozi wa dini kabla ya ajali yoyote kutokea, tena kwa lugha wanayozungumza nyumbani. Karatasi ya Kiingereza inayotiwa kidole gumba haiwezi kuitwa ridhaa.

Aidha, familia ina haki ya kuuliza: Je, Bodi ya Dawa na Sumu imeidhinisha jaribio hili? Kamati ipi ya maadili imelikagua? Nani atagharamia madhara yakitokea? Tukijiondoa, mgonjwa wetu ataendelea kutibiwa? Mtafiti asiyeweza kujibu hayo waziwazi hastahili kusikizwa.

Njia ya kufika mashinani ipo. Nchini Uingereza, utafiti wa CRASH-4 uliundwa kupima dawa hiyohiyo ikidungwa kwenye msuli, hata na wahudumu wa ambulensi, kwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Sindano ya msuli haihitaji mpasuaji. Muuguzi wa zahanati anaimudu. Ikiwa itafaa kwa vijana wa bodaboda walio mbali na hospitali ni swali linalofaa kuulizwa Mandera kuliko London.

Serikali ya kaunti na Taasisi ya Utafiti wa Matibabu (KEMRI) hazina budi kulibeba swali hilo. La sivyo, Banissa itaendelea kupokea majibu ya maswali ya wengine.